Feni ya mkanda, feni ya umeme au rejeta ya aluminiamu: ipi itaipoza injini ya gari lako la kale?

Ukiwa na gari la kale hapa Uganda, hasa lililotiwa injini kubwa kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani, utapewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza atakwambia uirudishe rejeta ya shaba katika hali yake, ufunge feni ya mkanda, ile inayozungushwa na injini, na kava lake la kuelekeza upepo, basi. Wa pili atakwambia uing'oe feni hiyo na kuweka ya umeme. Wa tatu atakuonyesha picha ya rejeta ya aluminiamu inayong'aa na kukuapia kwamba hiyo ndiyo dawa. Wote wana hoja, na kila mmoja yawezekana kabisa ameshaipoza injini yake kwa njia anayoisifu. Kinachotofautiana ni gari, barabara na mfuko.

Ninayemfikiria zaidi ni mwenye hotrodi, yaani gari la Kimarekani la miaka ya 1930 au 1940, Ford ya 1932 ikiwa ndiyo maarufu kupita yote, lililovuliwa madigadi na kupachikwa V8 (injini ya silinda nane) yenye nguvu. Magari ya namna hiyo ni machache kwetu. Lakini haya yanamhusu vilevile mwenye Land Rover Series iliyotiwa V8 ya Rover, Peugeot 404 au 504, au Mercedes ya zamani. Volkswagen Beetle hupozwa kwa hewa peke yake, kwa hiyo haimo humu.

Kwanza, linachemkia wapi?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu alijibu kabla ya kutoa shilingi mfukoni. Gari linalochemsha likiwa limesimama Clock Tower ya Kampala au likijivuta Jinja Road saa kumi na moja jioni, halafu likapoa lenyewe mara tu barabara inapofunguka, lina upungufu wa upepo. Rejeta yake inaweza kuwa nzima kabisa. Gari linalotulia kwenye jam lakini mshale ukapanda likikimbia kilomita 80 kwa saa kuelekea Masaka, au likipandisha milima ya Kabale, lina shida upande wa maji au wa rejeta: matundu yake (mirija ya maji) yameziba, rejeta ni ndogo, pampu imechoka, au mpira wa chini unaorudisha maji kwenye injini unanyonywa na kujifunga. Ukivuka mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, upepo wa barabara unatosha, na feni ya aina yoyote haina kazi kubwa. Ndiyo maana mtu anaweza kununua feni ya umeme ya bei ghali na mshale usishuke hata kidogo: alinunua upepo wakati shida ilikuwa kwenye maji.

Lipo kundi la tatu, gari linalochemsha popote, hata asubuhi na mapema. Hilo usilinunulie kitu bado. Angalia kama maji yanatoa mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka, maana hiyo ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Angalia muda wa cheche: distributa iliyochelewesha cheche hupeleka joto jingi kwenye kuta za silinda na kwenye eksozi, na injini huchemka hata rejeta ikiwa mpya. Angalia mkanda usiwe unateleza. Angalia themostati, vali inayozuia maji mpaka yapate joto, kama inafunguka kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto. Mafundi wengi hapa huing'oa themostati na kuitupa. Sikubaliani nao. Injini isiyo na themostati hukaa baridi muda mrefu, hula mafuta na kulika silinda, na katika baadhi ya injini maji hupita bila kugawanyika vizuri, ukabaki na joto lile lile ulilolikimbia. Weka nzima, ya nyuzi 82 za Selsiasi, kisha endelea.

Nchi yetu iko juu

Hili halisemwi mara nyingi, na lina uzito. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93 au 94. Magari mengi ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia yalikuwa na rejeta zisizo na shinikizo lolote, kwa hiyo Ford ya 1932 yenye themostati ya nyuzi 82 ikifika Kabale imebakiwa na nyuzi 11 au 12 tu kabla ya kutoa mvuke.

Kifuniko chenye shinikizo hubadilisha hesabu hiyo. Kila pauni moja ya shinikizo kwa inchi mraba huongeza karibu nyuzi moja na nusu. Kifuniko cha pauni 7 kikiwa kizima, maji ya Kampala hayachemki mpaka nyuzi 107 au 108. Kikiwa na mpira uliokauka, umerudi kwenye 96. Kifuniko ni spea ya bei ndogo kuliko zote katika mfumo huu, na ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Tahadhari moja: usifunge kifuniko cha pauni 15 kwenye rejeta ya shaba iliyotengenezwa kwa pauni 4 au 7. Mishono yake ya lehemu itaachia.

Urefu huo huo unaifanya hewa kuwa nyepesi. Feni inayozunguka Kampala husukuma hewa yenye uzito pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Mombasa, na kinachobeba joto ni uzito wa hewa. Halafu kuna jua la kaskazini. Rejeta hutoa joto kwa kadiri ya tofauti kati ya maji na hewa: maji yakiwa nyuzi 90 na hewa ya Kampala nyuzi 28, tofauti ni 62. Gulu mwezi wa pili, hewa ikiwa nyuzi 35, tofauti ni 55. Umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uwezo wa rejeta bila kitu chochote kuharibika. Gari linalovumilia Kampala kwa shida, Gulu halitavumilia.

Tunapima kwa nini

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: inafanyaje kwenye jam, inafanyaje safari ndefu na mlimani, inadai umeme kiasi gani, fundi na spea zake zinapatikana wapi, na inaligharimu gari nini kwa pesa na kwa sura.

Njia ya kwanza: rejeta ya shaba iliyofufuliwa, feni ya mkanda na kava

*Kwenye jam.* Hapa ndipo inapolaumiwa. Feni ya mkanda huzunguka kwa mwendo wa injini, na gari likiwa limesimama injini inazunguka mara 700 au 800 tu kwa dakika. Upepo unakuwa mdogo wakati unapohitajika zaidi. Lakini lawama nyingi zinatokana na kukosekana kwa kava. Feni isiyo na kava huvuta hewa kwenye duara lililo mbele yake tu, pembe za rejeta zikabaki hazina kazi, na hewa ya moto ya injini huzunguka ncha za feni na kurudi mbele. Funga kava linaloshika uso wote wa rejeta, feni iingie nusu ndani ya mdomo wake na nusu nje, ibaki nafasi ya inchi moja hivi kati yake na rejeta, na gari lile lile litakuwa na tabia nyingine. Ukiweza, badili feni ya mapanga manne kwa ya mapanga sita. Kwa hotrodi ziba pia nafasi zilizo kati ya grili na rejeta kwa bati au mpira, maana gari lililovuliwa madigadi na mbavu za boneti huiachia hewa ipite kando ya rejeta badala ya kupita ndani yake.

*Safari ndefu na mlimani.* Kwenye tambarare hakuna la kusema, upepo wa barabara unafanya kazi yote. Mlimani ndiko feni ya mkanda inakopata heshima yake. Ukipandisha Kabale kwenda Kisoro kwa gia ya pili, injini inazunguka kwa kasi, pampu inasukuma maji kwa kasi na feni inavuta kwa kasi, vyote pamoja, bila swichi wala waya. Dereva anayejua hushusha gia mapema. Hasara yake ni kwamba feni hiyo inakula nguvu ya injini, na inakula zaidi kadiri unavyokimbia, hata pale isipohitajika.

Wafaransa waliliona hilo zamani. Peugeot 404 na 504 zilikuwa na feni ya mkanda yenye klachi ya sumaku ya umeme: maji yakiwa baridi feni inaachiwa, yakipata joto inashikwa. Ni mpangilio mzuri sana, na 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo mashindano hayo yalipita pia Uganda. Kama gari lako linayo, kagua kaboni yake inayopeleka umeme kabla ya kuamua kuing'oa. Mara nyingi ndiyo iliyokwisha, nayo ni kitu kidogo.

*Umeme.* Haihitaji. Kwa gari lenye dainamo (jenereta ya zamani ya kuchaji betri), au lenye umeme wa volti 6 kama Ford za Kimarekani mpaka 1955, jambo hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

*Fundi na spea.* Hapa njia hii haina mshindani. Shaba na lehemu ni kazi ambayo fundi wa rejeta anaijua Katwe, Ndeeba, Mbarara, Lira na Arua. Atafungua tangi la juu, apitishe chuma chembamba kwenye kila tundu kutoa kutu na chokaa, kisha alifunge tena kwa lehemu. Tundu moja likitoboka safarini, atalibana na kulifunga, nawe utaendelea na safari kwa yaliyobaki. Kava la feni linakatwa kwa bati na kukunjwa na fundi yeyote wa mabati Katwe, ilimradi umpe vipimo sahihi. Mkanda beba wa akiba siku zote.

Ukivuka maji, kumbuka jambo moja. Mito ya msimu ya Karamoja ikijaa, feni ya mkanda ikiingia majini hupinda mapanga yake mbele na kukwaruza rejeta. Legeza mkanda na uutoe kabla ya kuingia, kisha uurudishe ng'ambo.

*Gharama na sura.* Ni nafuu kuliko zote kama rejeta bado inaokoka. Kama matundu yameoza na unahitaji kiini kipya chote, bei inapanda, nawe utahitaji kuzunguka kumpata fundi wa kuaminika. Sura ya gari inabaki ilivyokuwa, na kwa mtu anayelipeleka gari kwenye maonyesho hilo si jambo dogo.

Inamfaa mwenye gari lenye injini yake ya asili au iliyoongezwa nguvu kwa kiasi, anayesafiri mbali na mji na anayetaka kutengenezewa popote alipo.

Njia ya pili: feni ya umeme

*Kwenye jam.* Hapa inatawala. Feni nzuri ya inchi 16 inavuta upepo wake wote hata injini ikiwa imesimama kabisa, na inaendelea hata baada ya kuzima ukitaka. Kwa anayeishi Ntinda na kufanya kazi katikati ya mji, gari likiwa linatembea mita kumi na kusimama, hakuna kitu kitakachompa utulivu wa haraka kama hiki. Masharti ni mawili. Iwekwe nyuma ya rejeta ikivuta, maana ikiwekwa mbele ikisukuma inazuia upepo wa barabara ukikimbia. Na iwe na kava linalofunika rejeta nzima, kama ile ya mkanda. Feni ya duara iliyofungwa kwa vile vijiti vya plastiki vinavyopenya katikati ya rejeta inapoza duara lake tu, na vijiti vyenyewe hutoboa matundu kwa mtikisiko wa barabara ya marram.

*Safari ndefu na mlimani.* Kwenye tambarare inazimika na injini inapata nguvu yake yote. Mlimani inatosha kama ni kubwa. Ikiwa ndogo, ya inchi 12 nyuma ya V8 nzito, utajuta kabla ya kufika kileleni, maana yenyewe haiongezi mwendo injini inapoongeza.

*Umeme.* Hapa pana mengi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Feni ya inchi 16 inakula ampea 20 hivi ikizunguka, na zaidi inapoanza. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza, hutoa ampea 22 kwa jumla, tena injini ikiwa inakimbia. Gari likisimama na injini ikizunguka polepole, dainamo inatoa kidogo mno. Maana yake, dakika ile ile ya jam unayoihitaji feni, hakuna umeme wa kuiendesha ila wa betri. Fikiria Entebbe Road usiku, mvua inanyesha: taa mbili za wati 55 zinakula ampea 9 au 10, waipa 3 au 4, koili 3 au 4, na feni 20. Unakaribia 36. Hata alteneta, mrithi wa dainamo, ile ndogo ya zamani ya ampea 35, haiwezi, kwa sababu kwenye mwendo wa chini haitoi kiwango chake chote.

Kwa hiyo ukichagua feni ya umeme, hesabu pamoja nayo alteneta ya ampea 65 au zaidi, relei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa feni), fyuzi ya ampea 30, waya mnene, na swichi ya joto inayowasha kwenye nyuzi 92 hivi na kuzima karibu 87, kama themostati yako ni ya 82. Ongeza na swichi ya mkono kwenye dashibodi, ya kuwasha mapema unapoiona jam mbele na kuzima unapovuka maji. Usipitishe umeme wa feni moja kwa moja kwenye swichi ya dashibodi. Waya mwembamba wenye ampea 20 ndani ya gari la kale lenye magodoro makavu ni moto unaosubiri.

*Fundi na spea.* Feni zenyewe zimejaa maduka ya spea, nyingi zikiwa zimetolewa kwenye magari ya Kijapani, na hizo mara nyingi ni imara kuliko mpya za bei rahisi. Unachohitaji ni fundi wa umeme anayeelewa relei. Katika mji mdogo utampata wa kubadilisha feni iliyokufa, ila hakuna wa kuifufua iliyoungua. Ikifa porini, njia ni kukimbia na upepo na kukwepa kusimama.

*Gharama na sura.* Feni ni nafuu, alteneta na kazi ya waya ndizo zinazopandisha hesabu. Kwa macho inajificha nyuma ya rejeta, lakini mpenda asili ataiona mara moja.

Inamfaa mtu wa mjini, mwenye gari ambalo tayari lina alteneta ya kutosha, au hotrodi ambayo injini yake imesogezwa mbele mpaka nafasi ya feni ya mkanda ikakosekana.

Njia ya tatu: rejeta ya aluminiamu

*Kwenye jam.* Msaada wake peke yake ni wa kiasi. Rejeta kubwa bila upepo ni tangi kubwa la maji ya moto. Itachelewesha kuchemka, haitazuia. Inahitaji feni nzuri nyuma yake, iwe ya mkanda au ya umeme.

*Safari ndefu na mlimani.* Hapa ndiyo kazi yake. Watu huuliza inakuwaje aluminiamu ishinde shaba wakati shaba inapitisha joto vizuri zaidi. Kwa madini yenyewe ni kweli, shaba inaizidi kwa mbali. Jibu liko kwenye umbo. Aluminiamu ni ngumu kwa wepesi wake, kwa hiyo matundu yake hufanywa mapana, inchi nzima, wakati yale ya shaba ni nusu inchi au zaidi kidogo. Matundu mapana ya safu mbili yanagusana na mapezi (mabati membamba yanayotoa joto) kwa eneo kubwa kuliko safu nne nyembamba za shaba, na kati yake hakuna lehemu ya kuzuia joto. Kwa V8 kubwa iliyobanwa nyuma ya grili nyembamba ya Ford ya 1932, ambapo huwezi kupanua rejeta kwa upana wala urefu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua.

Ipo faida nyingine ya kwetu. Rejeta ya safu mbili ni nyembamba, nayo ni rahisi kusafisha. Msimu wa nsenene (panzi), au wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi karibu na Entebbe, mapezi ya mbele huziba kwa usiku mmoja. Rejeta nene ya safu nne huwabana katikati ambako brashi haifiki. Yoyote utakayochagua, ioshe kwa maji kutoka nyuma kwenda mbele, polepole, baada ya safari za namna hiyo.

*Umeme.* Haili umeme, lakini umeme unaweza kuila. Waya hasi ukiwa mbovu, umeme hutafuta njia kupitia maji ya rejeta na kuitoboa aluminiamu kutoka ndani. Funga waya imara kati ya injini, chasi na betri, kisha pima kwa mita: kijiti kimoja kwenye hasi ya betri, kingine ndani ya maji ya rejeta bila kugusa chuma. Ikizidi sehemu ya kumi ya volti vifaa vyote vikiwa vimewashwa, tafuta kosa kabla hujaendesha.

*Fundi na spea.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa kwetu. Aluminiamu haifungwi kwa lehemu ya kawaida, inahitaji mashine ya kuchomelea kwa gesi ya agoni na mkono uliozoea bati jembamba. Kampala mafundi hao wapo. Ukiwa Moroto, usitegemee kumpata. Utapaka gundi ya epoksi na kurudi polepole, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Barabara zetu nazo zinaiumiza: rejeta iliyofungwa chuma kwa chuma kwenye chasi ya zamani inayojipinda hupasuka kwenye kona za tangi. Iweke juu ya mipira, na iwe na nafasi ya kucheza.

*Gharama na sura.* Ni ghali kuliko zote, maana ile inayolingana na gari lako itabidi iagizwe Marekani, Uingereza au China, na juu ya bei kuna usafirishaji na ushuru. Pima mara mbili kabla ya kuagiza, hasa upande ambao mipira ya juu na ya chini inatokea. Sura yake inang'aa na haifichiki, ingawa kupaka rangi nyeusi nyembamba hakudhuru.

Inamfaa mwenye injini kubwa kuliko gari, anayechemsha akiwa mwendoni, na ambaye safari zake hazimpeleki mbali na fundi.

Maji au kulanti?

Hapa nitapita haraka. Maji peke yake hubeba joto vizuri zaidi, lakini huleta kutu, na maji ya kisima huacha chokaa. Kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu hubeba joto pungufu kidogo, huongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 6 hadi 8, na hulinda chuma. Kwa kuwa hatuna barafu barabarani, theluthi moja ya kulanti na theluthi mbili za maji yaliyosafishwa, kama yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, inatosha kwa gari la kale lenye rejeta ya shaba. Kwenye aluminiamu usitumie maji matupu hata siku moja, na fuata kiwango kilichoandikwa kwenye chombo cha kulanti.

Kulingana na hali yako

Gari linachemsha kwenye jam tu, na lina dainamo: anza na kava, feni ya mapanga sita na kifuniko kipya. Gharama ni ndogo na inawezekana ukaishia hapo.

Linachemsha kwenye jam tu, na lina alteneta nzuri: feni ya umeme yenye kava, na relei yake. Rejeta usiiguse kama matundu yake ni safi.

Linachemsha mwendoni, rejeta ni ya shaba ya miaka mingi: ifungue na uisafishe kwanza, ubadilishe mpira wa chini, upime pampu. Aluminiamu uifikirie baada ya hapo tu, kama injini ni kubwa kuliko ile ya asili.

V8 kubwa kwenye mwili mdogo wa Ford, linachemsha kote: utahitaji vyote viwili, rejeta ya aluminiamu na feni ya umeme yenye nguvu, pamoja na alteneta ya kuibeba. Ziba nafasi za pembeni mwa grili kabla ya kuilaumu rejeta.

Una Ford V8 ya zamani yenye vali pembeni, ile iliyotengenezwa kuanzia 1932 hadi 1953: moshi wake wa eksozi hupita ndani ya bloku, kwa hiyo maji yake hupokea joto ambalo injini nyingine hulitupa nje. Kabla ya chochote, safisha bloku. Njia zake za maji mara nyingi zina kutu, na hata mchanga uliobaki tangu ilipomiminwa kiwandani. Halafu angalia pampu zote mbili. Zile za mpaka 1936 zilikaa kwenye hedi na kuvuta maji ya moto, kuanzia 1937 zikahamishiwa kwenye bloku na kufanya kazi vizuri zaidi.

Unasafiri Karamoja, Nile Magharibi au kusini-magharibi mara kwa mara: shaba na feni ya mkanda, hata kama una pesa ya aluminiamu. Beba mkanda wa akiba, mpira wa juu na wa chini, klipu, na lita 10 za maji. Likichemka, simama kivulini, fungua boneti, iache injini izunguke polepole kama maji bado yamo, au izime kama yamekwisha. Kifuniko usikiguse mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono mtupu. Maji ya baridi yasiingie kwenye hedi ya moto. Subiri, kisha uyamimine kidogo kidogo, injini ikiwaka.